Umeme Una Saa Zake: Mwongozo wa Kuhifadhi Nishati, Kutoka Bwawani Hadi Sebuleni

Kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri, Kenya huwa na umeme mwingi kuliko watu wa kuutumia. Viwanda vingi vimefungwa, taa zimezimwa, watu wamelala. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, visima vya jotoardhi havipendi kufungwa na kufunguliwa kila siku, kwa hiyo sehemu ya mvuke ambao ungezungusha mitambo huachiwa upae hewani. Kule Loiyangalani, upande wa Ziwa Turkana, upepo huvuma kwa nguvu zaidi usiku, na mara nyingine mitambo huamriwa ipunguze uzalishaji kwa sababu gridi haina pa kuupeleka umeme wake.

Ngoja sasa ifike saa moja jioni. Watu wamerudi nyumbani, shawa za umeme zinachemka, televisheni zimewashwa, pasi iko mezani, maduka hayajafungwa. Matumizi ya juu kabisa ya Kenya, ambayo mwaka 2025 yalivuka megawati 2,300, hutokea katika saa hizi chache. Usiku wa manane hushuka hadi karibu nusu yake. Sola ya Garissa imeshazimika pamoja na jua. Ndipo mitambo ya mafuta mazito ya Mombasa inapoitwa kazini, na bei ya mafuta hayo unaikuta kwenye bili yako mwisho wa mwezi. Mwaka 2025 Rais William Ruto na Waziri wa Nishati Opiyo Wandayi walikiri hadharani kwamba kuna maeneo yanayokatiwa umeme kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku.

Nchi moja, siku moja, inaumwaga umeme usiku wa manane na kuukosa jioni. Mjadala wetu wa umeme umezoea kuhesabu megawati: tumejenga ngapi, tunahitaji ngapi. Swali linalosahaulika ni saa. Mwongozo huu ni wa mwananchi anayelipia umeme huo: mwenye nyumba anayefikiria kununua betri, mwenye duka la samaki, mwenye bodaboda ya umeme. Kabla ya kutoa pesa mfukoni, inafaa ajue umeme unapatikana kwa wingi saa gani, unaadimika saa gani, na njia zipi zipo za kuuhamisha kutoka saa moja hadi nyingine.

Gridi haina ghala

Umeme wa gridi hutumika sekunde ileile unapozalishwa. Hakuna tangi njiani. Mitambo mikubwa ya nchi huzunguka kwa mpigo mmoja unaopimwa kwa masafa, na kwetu masafa hayo ni hezi 50. Watu wakiwasha vyombo vingi kuliko umeme unaoingia, mitambo huelemewa na masafa hushuka. Yakishuka mno, vifaa vya ulinzi hukata mitaa fulani vyenyewe, bila kumuuliza mtu, ili gridi nzima isianguke. Umeme ukizidi matumizi, masafa hupanda, na hapo pia mitambo hujitoa ili isiharibike.

Mitambo mizito ya maji na ya mvuke ina faida moja ambayo haionekani kwa macho. Ikishaanza kuzunguka, uzito wake huiwezesha kuendelea kwa sekunde kadhaa hata kukitokea mshtuko, na sekunde hizo humpa msimamizi wa gridi nafasi ya kuongeza umeme kutoka kwingine. Paneli za sola hazina kitu kinachozunguka, na mitambo mingi ya kisasa ya upepo huingia kwenye gridi kupitia vifaa vya elektroniki. Kwa hiyo kadiri jua na upepo vinavyoongezeka, ndivyo gridi inavyohitaji kitu kingine cha kuitikia upesi.

Tarehe 25 Agosti 2023 Kenya iliingia gizani karibu nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakosa umeme. Kenya Power ilisema chanzo ni kupotea kwa umeme wa upepo wa Turkana. Wenye mitambo hiyo ya upepo wakajibu kwamba volteji ya gridi ndiyo iliyopanda kupita kiasi, mitambo ikajitoa. Nani yuko sahihi, siamui hapa. Ninachotaka uone ni kwamba kituo kimoja cha megawati 310 kinapotoka ghafla, lazima pawe na kingine kinachoweza kujaza pengo katika sekunde, si katika saa. Tanzania nayo ilipata giza la nchi nzima alfajiri ya tarehe 1 Aprili 2024.

Akiba kubwa tuliyo nayo tayari ni maji

Wengi wakisikia kuhifadhi umeme hufikiria makontena ya betri. Akiba kubwa zaidi Afrika Mashariki ni ya zamani kuliko betri hizo. Kwenye Mto Tana kuna vituo vitano vinavyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yakiachiwa Masinga hupita vituo vyote vitano na kuzalisha umeme mara tano. Upepo wa Turkana unapovuma mchana, msimamizi anaweza kupunguza maji yanayopita kwenye mitambo ya Tana na kuyaweka hadi jioni. Maji hayo yaliyozuiwa ndiyo umeme uliohifadhiwa, na mtambo wa maji unaweza kuongezewa nguvu ndani ya dakika chache. Mvuke wa Olkaria hauwezi hivyo kwa urahisi.

Udhaifu wake unajulikana na kila aliyeishi miaka ya ukame. Masinga ikikauka, akiba imekwisha, na upepo wa Turkana hauwezi kuijaza.

Tanzania iko katika hali ya kipekee. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla megawati 2,115. Ya kwanza iliingia kwenye gridi Februari 2024, ya mwisho mwaka 2025. Machi 2024, wakati mashine nyingi bado hazijawashwa, shirika la umeme la TANESCO lilizima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulikuwa umezidi mahitaji. Watu waliokuwa wametoka kwenye mgao wa umeme wiki chache tu kabla yake walishangaa, na walikuwa na haki ya kushangaa. Lakini tukio lile lilionyesha jinsi gridi isiyokuwa na watumiaji wa kutosha wa usiku, wala nyaya za kutosha za kuupeleka umeme mbali, inavyoweza kuwa na wingi na bado ikakosa raha.

Kwa maoni yangu, thamani kubwa ya Rufiji si zile megawati zinazotangazwa kwenye hotuba. Ni kwamba bwawa la ukubwa ule linaweza kupumzika mchana jua likiwaka, halafu jioni likabeba nchi. Sola ya Kishapu, mkoani Shinyanga, itakuwa na mwenza wa kupokezana naye zamu. Nchi zilizojaza sola kabla ya kuwa na bwawa kama hilo zinalipia mabilioni kununua kile ambacho Tanzania inacho tayari.

Nyaya zinazovuka mipaka hufanya kazi inayofanana na hiyo. Laini ya volti 500,000 kutoka Wolayta-Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa, yenye urefu wa kilomita 1,045, inaweza kubeba megawati 2,000. Kenya ilianza kununua megawati 200 kupitia hapo Novemba 2022. Laini ya volti 400,000 kati ya Singida na Isinya iliwashwa Desemba 2024. Jua huzama Dar es Salaam na Nairobi karibu wakati mmoja, kwa hiyo majirani hawaokoani sana kwenye kilele cha jioni. Wanaokoana kwenye mvua, maana Rufiji, Tana na mito ya Ethiopia haikauki pamoja kila mara.

Ukisikia betri ya megawati mia, uliza: kwa saa ngapi?

Kuna njia ya kuliongezea bwawa uwezo: kuyapandisha maji tena juu kwa pampu usiku, umeme ukiwa rahisi, kisha kuyaachia mchana au jioni. Afrika Kusini inafanya hivyo tangu mwaka 1981 kule Drakensberg, na kituo chake kikubwa zaidi cha aina hiyo, Ingula, kina megawati 1,332. Karibu robo ya umeme hupotea njiani. Hasara hiyo inavumilika kama umeme wenyewe ungemwagwa.

Betri za lithiamu hupoteza kidogo zaidi ya asilimia kumi tu, hujengwa kwa miezi badala ya miaka, na huitikia kwa kasi ambayo hakuna mtambo wa maji unaoifikia. Jimbo la Australia Kusini lilizimika lote Septemba 2016. Mwaka uliofuata likafunga betri ya Hornsdale yenye megawati 100, na kazi yake iliyosifiwa zaidi ilikuwa kutuliza masafa. Karibu na kwetu, Golomoti nchini Malawi ina sola ya megawati 20 na betri ya megawati 5 tangu mwaka 2022. Mjini Goma, kampuni ya Nuru ilifungua mwaka 2020 gridi ndogo ya sola ya megawati 1.3 yenye betri zake, katika mji ambao waya wa taifa haukuwahi kuutosha.

Hapa ndipo waandishi wa habari, wanasiasa na wauzaji huchanganya wasomaji. Megawati husema betri inaweza kutoa umeme kwa nguvu kiasi gani kwa mara moja. Saa-megawati husema ina umeme kiasi gani ndani. Betri ya Golomoti ni ya megawati 5 na saa-megawati 10, maana yake ikitoa nguvu zake zote inaisha baada ya saa mbili. Ile ya shirika la umeme la Eskom kule Worcester, Afrika Kusini, ina megawati 20 na saa-megawati 100, kwa hiyo hukaa saa tano. Mtu akikutangazia ukubwa wa betri kwa kipimo kimoja tu, hajakuambia nusu ya habari. Kanuni hiyohiyo utaihitaji dukani ukienda kununua yako.

Bei zinazofuata saa

Njia rahisi kuliko zote ni kumshawishi mtumiaji ahamishe matumizi yake. Kenya ilianza Desemba 2017 kuwapa wateja wakubwa wa biashara na viwanda nusu bei kwa uniti za usiku, zile zinazozidi matumizi yao ya kawaida, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Mwaka 2023 ikaja bei maalumu ya vyombo vya moto vya umeme: shilingi 16 kwa uniti mchana na jioni, shilingi 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Mwenye kituo cha kubadilishia betri za bodaboda anayechaji saa saba usiku anatumia mvuke wa Olkaria ambao ungepaa bure, na anaulipia nusu. Kama una biashara ya barafu, ya kusaga, ya kupampu maji au ya kuchaji pikipiki, nenda ofisi ya umeme ukaulize umewekwa kwenye bei ipi na mita yako inaweza kusoma saa au la. Huenda unastahili na hujaomba.

Mwenye nyumba hana bahati hiyo. Kenya na Tanzania zote humtoza kwa wingi wa uniti anazotumia kwa mwezi, si kwa saa anazozitumia. Akipiga pasi saa mbili usiku au saa tano asubuhi, tokeni zinaisha sawasawa. Naona hilo ni kosa la sera: tunawaomba watu wasaidie gridi, na bei haiwaambii kitu. Hata hivyo kuna faida moja anayoipata leo. Katika mtaa wenye transfoma iliyolemewa, kila nyumba inayoondoa shawa au pasi kwenye saa za jioni inapunguza ule mnyong'onyeo wa volteji unaoua kompresa za friji.

Hifadhi bila betri

Tenki la maji juu ya paa ni hifadhi ya umeme. Ukipampu saa sita mchana, umehifadhi kazi ya pampu hadi jioni, bila kununua chochote ila taima. Maji ya moto ni vilevile: bomba la shawa linalopasha papo hapo huvuta takribani kilowati tano, na huvuta saa ileile majirani wote wanapooga. Tangi lililofunikwa vizuri, likipashwa mchana kwa jua au kwa umeme wenye taima, hukaa na joto hadi usiku. Barafu nayo huweka ubaridi. Friza ikijazwa chupa za maji pale palipo wazi, huweza kukaa saa nyingi bila umeme, hasa kama watoto hawaufungui mlango kila baada ya dakika mbili. Wauza samaki wa pwani na wa Ziwa Victoria wamelijua hili siku zote, ingawa wao huliita biashara ya barafu tu.

Maharagwe kwenye sufuria ya presha ya umeme hutumia chini ya uniti moja. Yapike mchana, yaunge jioni.

Ukiamua kununua betri

Anza na karatasi na kalamu. Andika unachotaka kiwake umeme ukikatika, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi asubuhi. Chukua nyumba ya kawaida: taa sita za wati 9 kwa saa tano ni wati-saa 270, televisheni ya wati 60 kwa saa nne ni 240, raouta ya wati 10 kwa saa kumi na mbili ni 120, simu nne, 60, friji ndogo isiyofunguliwa ovyo, karibu 500 kwa usiku mzima. Jumla ni wati-saa 1,190, yaani uniti 1.2. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, hupoteza kama asilimia kumi, kwa hiyo betri inapaswa kutoa takribani uniti 1.3.

Sasa aina ya betri. Betri ya risasi haitakiwi kuteremshwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo utahitaji yenye uniti 2.7 hivi ili utumie 1.3. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 200 ina uniti 2.4, haitoshi. Betri ya lithiamu fosfeti inaweza kutumika hadi asilimia 80 na zaidi kila siku, kwa maelfu ya mizunguko. Ya volti 24 na ampea-saa 100, yenye takribani uniti 2.5, itakutosha na kubaki. Ni ghali zaidi siku ya kununua. Ukigawanya bei kwa uniti itakazokupa maishani mwake, mara nyingi ndiyo rahisi. Betri ya gari usiiguse kwa kazi hii: imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukiiteremsha kila usiku hufa mapema.

Kama utaijaza kwa sola, hesabu saa nne hadi tano za jua kamili kwa siku, kisha punguza robo kwa joto, vumbi na hasara za nyaya. Paneli moja ya wati 400 itakupa karibu uniti 1.3, yaani itatosha siku nzuri na kupungukiwa siku ya mawingu. Nairobi ya mwezi wa Julai, nunua mbili. Inveta nayo ichaguliwe kwa nguvu, si kwa uniti: mota ya friji ikianza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake. Pasi, birika na shawa viache nje ya mfumo kabisa. Fundi anayekuahidi kwamba vitaingia, mwombe akuonyeshe hesabu.

Nchini Kenya, mafundi wa sola hupewa leseni na EPRA, mamlaka ya nishati; nchini Tanzania, wafunga umeme hupewa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Omba kuiona. Mwambie aweke chenjiova inayotenganisha kabisa nyumba na waya wa mtaa, kwa sababu inveta inayorudisha umeme nje inaweza kumuua mfanyakazi aliyepanda nguzo akiamini imezimwa. Betri za risasi hutoa gesi inayowaka, zikae penye hewa. Za lithiamu zisiwe chumba cha kulala wala njia ya pekee ya kutokea.

Kama una paneli nyingi kuliko unavyotumia, kanuni za Kenya za mwaka 2024 zinaruhusu kuingiza ziada kwenye gridi hadi uwezo wa megawati moja, na unarudishiwa nusu ya uniti ulizopeleka. Kwa biashara inayofungwa Jumamosi na Jumapili, nusu ni bora kuliko sifuri. Kwa nyumba, mara nyingi inalipa zaidi kuzitumia mwenyewe mchana.

Betri ikichoka, usimpe anayepita mtaani akiokota vyuma. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu ya risasi katika damu ya watoto na watu wazima. Phyllis Omido alipigania haki yao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi ikishaingia kwenye udongo wa uani kwako, si rahisi kuitoa. Usimwage asidi, usivunje kasha lake. Unaponunua mpya, muulize muuzaji kabla ya kulipa kama ataipokea ya zamani na anaipeleka wapi, na aandike jibu hilo kwenye risiti.